King'ora cha Kitopeni na Ruwaza Kumi na Tisa

Nchi inayosimuliwa hapa haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua, ujue macho yako yana hitilafu, nenda ukapimwe. Huko kwenyewe watu hupimwa macho bure kila wanapoona jambo ambalo halikutakiwa kuonekana.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mpangilio, iliyoundwa kupanga kazi za wizara nyingine. Ghorofa ya nne, kwenye chumba chenye feni moja na meza sita, alikaa Sikudhani Machano, mwandishi wa programu za kompyuta wa daraja la tatu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, miwani iliyofungwa kwa uzi upande wa kushoto, na mama mmoja tu duniani, Bi Mwatima, aliyekuwa akilima mpunga katika kijiji cha Kitopeni, kando kabisa ya mto Mburuzi.

Mto Mburuzi ulikuwa na tabia mbaya. Mvua ikinyesha milimani, Kitopeni jua linawaka, watu wanaanika nguo, na baada ya saa mbili mto unakuja na magogo, mizinga ya nyuki na kuku wa watu wa juu. Mwaka mmoja ulikuja ukamchukua baba yake Sikudhani akiwa shambani na jembe lake begani. Tangu siku ile Sikudhani aliuchukia mto ule kama mtu anavyomchukia mtu.

Ndiyo maana alipopewa kazi ya kutengeneza king'ora cha kuwaonya watu wa bondeni, hakulala mpaka kikaanza kulia. Kifaa cha kupimia maji kilifungwa juu kule milimani, nguzo yenye kipaza sauti ikasimikwa Kitopeni, na katikati ikakaa programu yake. Programu yenyewe ilikuwa na mistari minne, na kwa lugha ya kawaida ilisema hivi: soma kina cha maji, kikifika alama nyekundu, piga king'ora, kisipofika, nyamaza, kisha rudia tena.

Msimu ule wa mvua king'ora kililia mara tatu. Mara tatu watu wa Kitopeni walipanda kilima cha shule, wakakaa huko wakila mihogo, wakaona mto unapita, wakashuka. Hakufa mtu, hakufa mbuzi. Kwa sababu hakufa mtu, hakuna gazeti lililoandika, na Wizara haikujua kwamba ilikuwa na king'ora.

*

Mambo yangeendelea hivyo kama Waziri asingehudhuria semina.

Waziri wa Mpangilio alikuwa Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Mstaafu Kirumbizi Lugendo, na alipenda aitwe kwa ukamilifu. Alikwenda ng'ambo siku tatu akarudi na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba kabrasha lililoeleza ruwaza za programu. Ruwaza ni mitindo iliyokwisha kujaribiwa ya kupanga programu, ili mwandishi mpya asijitaabishe kubuni upya kile ambacho wenzake walishakibuni. Fundi cherehani naye ana karatasi zake alizokata tayari za kola na mikono. Akija mteja, anachagua inayofaa. Ni jambo jema kabisa, na Sikudhani mwenyewe alizijua na kuzitumia pale zilipohitajika.

Kabrasha la Waziri lilikuwa na ruwaza kumi na tisa. Ukurasa wake wa mwisho haukuwepo, kwa kuwa uwanja wa ndege Mheshimiwa aliona njaa, akanunua sambusa, akakosa kitu cha kuzishikia.

Jumatatu yake aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini.

"Ndugu zangu," alisema, "nimetoka kwa wenzetu walioendelea. Nimejiuliza, wametuzidi nini? Akili? Hapana. Urefu? Hapana. Wametuzidi ruwaza. Kule mtu haandiki programu kienyeji. Programu yote imegawanywa katika vitu, kila kitu kina kazi yake, na vitu vinaongea. Kitu kinamwambia kitu mwenzake. Sasa mimi nauliza, hapa kwetu vitu vinaongea?"

Ukumbi ulijibu kwamba haviongei.

"Vitaongea," alisema Waziri, na watu wakapiga makofi.

Akaeleza ruwaza moja baada ya nyingine. Iliyopendwa kuliko zote ni ile iitwayo Pekee. Katika ruwaza hiyo, kitu fulani huwa kimoja tu katika programu nzima, na anayeomba kipya hupewa kile kile cha zamani. Waziri alisema alipoieleza katika kikao cha Baraza la Mawaziri, wakubwa walisimama wakapiga makofi dakika saba, na mmoja alitokwa na machozi.

Mwisho akatoa agizo. Kila programu ya serikali itumie ruwaza zote kumi na tisa, bila kubagua hata moja, ndani ya siku tisini.

*

Kamati ya ukaguzi ilipofika meza ya Sikudhani, Waziri alikuja nayo mwenyewe. Sikudhani alimwonyesha mistari yake minne kwenye kompyuta. Waziri aliinama, akatazama, akasubiri iendelee. Haikuendelea.

"Hii ndiyo yote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Taifa zima, na bendera yake, na wimbo wake, mistari minne?"

"Inafanya kazi, Mheshimiwa. Mwaka jana ililia mara tatu na watu wote—"

"Dada yangu," alisema Waziri kwa upole mkubwa, "sikukuuliza kama inafanya kazi. Nimekuuliza ruwaza zake ziko wapi."

Mkuu wake wa kazi, Bwana Shomvi, mtu mwenye roho nzuri na woga mwingi zaidi, alimkanyaga mguu chini ya meza.

Kuanzia siku hiyo programu ilianza kunenepa. Mstari wa kusoma kina cha maji ulipewa idara yake. Mstari wa kunyamaza nao ukapewa idara, ikawa na wafanyakazi kumi na wanne, wote wenye bidii. Na kwa kuwa Waziri alikuwa amesema kila kitu kina kazi yake, Idara ya Utumishi iliuliza swali ambalo huko ng'ambo hawakuwahi kulifikiria: kama kitu kina kazi, nani amekiajiri? Haiwezekani kazi ya serikali ikafanywa na kitu kisicho na barua ya ajira. Ikaamuliwa kwamba kila kitu ndani ya programu kiwe na ofisa wake, mwenye meza, muhuri na kitufe kimoja cha kompyuta kilichoandikwa NIMEONA. Kitu hakitaongea na kitu mwenzake mpaka ofisa wake akibonyeze.

Kukawa na Ofisa Mpambaji. Katika programu za watu wengine, ruwaza ya Mpambaji huchukua kitu na kukiongezea sifa bila kukibadilisha. Hapa alikabidhiwa ujumbe wenye maneno manne, "Maji yamefika alama nyekundu," akaupamba ukawa hivi: "Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Mstaafu, kwa heshima na taadhima, tukiamini kuwa u buheri wa afya na unaendelea vema na majukumu mazito ya ujenzi wa taifa, tunaomba kukufahamisha kwamba maji, licha ya jitihada zote zilizofanywa na serikali kuyazuia, yamefika alama nyekundu." Ofisa huyo alipandishwa cheo wiki ile ile.

Kukawa na Kiwanda. Nguzo ya Kitopeni ilijua milio miwili, mmoja wa mafuriko na mwingine wa msafara wa viongozi, ili viongozi wakipita wananchi waondoke njiani na kujipanga kando na vijibendera. Sasa hakuna aliyeruhusiwa kupiga mlio moja kwa moja. Alitakiwa auombe Kiwandani, na Kiwanda kingeamua kitoe upi kwa kuangalia fomu.

Na kukawa na Watazamaji. Hii ndiyo iliyomnyima Sikudhani usingizi. Ruwaza ya Watazamaji ni orodha ya wote wanaotaka kuarifiwa jambo likibadilika. Likibadilika, wote huarifiwa. Sikudhani alipoisikia inatajwa alifurahi kidogo, akafikiri hapa angalau watu wa Kitopeni watapata nafasi yao. Kisha akaletewa orodha. Wa kwanza alikuwa Waziri. Wa pili Naibu Waziri, wa tatu mke wa Waziri kwa nafasi yake ya mlezi wa programu, na wakaendelea hivyo kwa kufuata itifaki, makatibu, wakurugenzi, mabalozi wa heshima, timu ya mpira ya Wizara. Wananchi wa Kitopeni walikuwa nambari mia nne kumi na mbili. Na kwa adabu, hakuna wa chini ambaye angearifiwa kabla wa juu yake hajabonyeza NIMEONA.

Sikudhani alimfuata Bwana Shomvi ofisini kwake akafunga mlango.

"Bwana Shomvi, mama yangu ni wa mia nne kumi na mbili."

"Hongera," alisema Bwana Shomvi. "Mimi ni wa mia nne arobaini."

"Maji yanachukua saa mbili kufika Kitopeni. Waziri akiwa safarini je? Akiwa amelala?"

"Yupo Wakala." Bwana Shomvi alifungua faili. "Ruwaza ya nane. Wakala hukaa mahali pa mkubwa na kumpokelea ujumbe. Ameteuliwa Bwana Ngwali."

"Na anaweza kubonyeza?"

Bwana Shomvi alisoma tena, polepole. "Kupokea anapokea. Kubonyeza habonyezi. Kitufe cha Waziri kiko chini ya ruwaza ya Pekee, kipo kimoja tu, juu ya meza yake, na kidole ni chake mwenyewe." Akafunga faili. "Sikudhani, mwanangu, mimi nina miaka miwili tu nistaafu. Nionee huruma."

Alimwonea huruma kweli. Lakini alitoka pale na hasira yake.

*

Programu ya mistari minne ilipofikisha mistari elfu arobaini, ilifanyiwa majaribio. Watu wa Kitopeni waliambiwa kwamba siku hiyo watasikia mlio wa mafuriko na wapande kilimani kama kawaida.

Kiwanda kilipokea fomu mbili. Fomu ya mafuriko ilikosa sahihi moja. Fomu ya msafara ilikuwa imekamilika, maana fomu za msafara hukamilika zenyewe. Kiwanda kikatoa mlio wa msafara.

Kitopeni nzima ikatoka mbio majumbani, ikashuka bondeni, ikajipanga kandokando ya barabara ya mtoni na vijibendera, ikapunga mikono kwa saa tatu juani. Hakuna gari lililopita. Wakarudi makwao.

Ripoti ya majaribio ilisema wananchi waliitikia king'ora kwa asilimia mia, na kwamba hamasa ilikuwa kubwa.

Kuhusu mlio wa msafara, inafaa tuseme mambo mawili. Kwanza, katika nchi hiyo kiongozi aliyeachwa na msafara alihesabiwa kuwa ameachwa na serikali. Kuna Naibu Waziri mmoja aliyeachwa akiwa chooni. Siku hizi anafuga bata. Kwa hiyo mlio ule ukisikika, kila kiongozi hukimbilia gari lake kwanza na kuuliza baadaye. Pili, programu ya kuupiga mlio huo moja kwa moja ilikuwa na mistari minne, nayo pia iliandikwa na Sikudhani. Kamati ilipoifikia ilisoma kichwa chake, wakatazamana, wakaipita. Hakuna aliyetaka jina lake liwe kwenye karatasi iliyochelewesha msafara.

Jioni ya siku ya majaribio Bi Mwatima alimpigia simu bintiye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikuwa apite leo?"

"Hakuna mtu mama. Ule ulikuwa mlio wa mafuriko."

"Basi ingekuwa kweli, tungekufa tunapunga bendera."

Jumamosi Sikudhani alikwenda Kitopeni. Alibeba kopo la rangi nyekundu na debe tupu la mafuta ya kupikia. Aliingia mtoni mpaka magotini, akapaka mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja la juu, mahali ambapo mto unapinda kabla ya kufika kijijini. Debe akalining'iniza kwenye mti wa mwisho wa daraja, na pembeni akaegemeza mchi wa mama yake.

"Maji yakigusa pale, piga," alisema. "Yasipogusa, usipige."

Bi Mwatima aliutazama mstari, akalitazama debe, akamtazama binti aliyemsomesha miaka kumi na tisa.

"Ile kazi yote ya kompyuta ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

"Na Serikali inajua?"

"Haijui. Ikijua nitafukuzwa. Kuonya bila kibali ni kosa, tumetungiwa kanuni mwezi uliopita."

"Haya," alisema mama yake, na akaanza kuwapanga wanawake wenzake zamu za kuketi darajani, asubuhi hadi jioni, kila mtu na ukili wake wa kusuka. Sikudhani alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko desturi yao. Aliogopa, na hakujaribu kuficha.

*

Uzinduzi ulifanyika Kitopeni kwenyewe, kwa kuwa Waziri alitaka picha zake ziwe na mto nyuma. Jukwaa lilijengwa ukingoni kabisa, likawekewa mazulia, makochi na maua ya plastiki. Viongozi wote wa Wizara walikuja. Wananchi walikalishwa mbele kwenye nyasi. Sikudhani aliwekwa kwenye meza ndogo ya pembeni na kompyuta yake, ili aonyeshe mchoro wa ruwaza kwenye turubai la jukwaani kila atakapoashiriwa.

Jua lilikuwa zuri. Milimani kulikuwa na wingu jeusi, lakini halikuwa kwenye ratiba.

Waziri alikuwa amefika ruwaza ya kumi na moja katika hotuba yake wakati kompyuta ya Sikudhani ilipoonyesha kina cha maji cha juu milimani. Kilikuwa kimepita alama nyekundu kwa saa moja na nusu. King'ora kilikuwa kimya. Alichukua simu akapiga Wizarani.

"Ofisi ya Wakala wa Waziri, Ngwali hapa."

"Bwana Ngwali, ni Sikudhani. Ujumbe wa maji haujafika?"

"Umefika zamani, dada. Tena umepambwa vizuri sana. Nikusomee?"

"Usinisomee. Bonyeza NIMEONA."

"Mimi ni Wakala tu. Namsubiri Mheshimiwa aje abonyeze."

"Mheshimiwa yuko huku Kitopeni. Anazindua king'ora."

"Eh, basi akimaliza mwambie apitie ofisini, kuna ujumbe wake muhimu."

Pale pale debe likaanza kulia. Lililia kwa nguvu, bila kupumzika, na Sikudhani alimjua mpigaji kwa mkono wake, kwa kuwa utoto wake wote aliamshwa na mchi ule ukitwanga.

Wananchi wa Kitopeni walisimama. Hawakupiga kelele wala kukanyagana. Wazee walishikwa mikono, watoto wakabebwa, na kwa adabu kabisa wakainama kidogo kuelekea jukwaani, kama mtu anayetoka msibani mapema, wakaanza kupanda kilima cha shule. Waziri alikatiza hotuba akawaangalia.

"Wanakwenda wapi?"

Sikudhani alikuwa ameshapanda jukwaani. "Mheshimiwa, maji yanakuja. Tuondoke."

"King'ora kimelia?"

"Hakijalia, Mheshimiwa, kinakusubiri wewe ubonyeze, na kitufe kiko ofisini kwako."

Waziri alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni. "Basi mfumo unafanya kazi kama ulivyosanifiwa," alisema. "Hakijalia kwa sababu sijaarifiwa. Sijaarifiwa, kwa hiyo hakuna mafuriko rasmi. Lile debe ni la nani?"

Makochini viongozi walitazamana. Kila mmoja alikuwa akitamani kuondoka, na kila mmoja alikuwa akimsubiri wa juu yake aondoke kwanza. Waliganda hivyo, wanaume na wanawake wazima sitini, wamekunja mikono mapajani.

Sikudhani alimpigia mama yake. Simu iliita mara nyingi kabla haijapokelewa, na aliyepokea alikuwa akihema.

"Mama, ondoka hapo. Watu wote wamepanda."

"Sio wote. Nawaona wale wa kwenye makochi."

"Waache hao mama, nakuomba. Panda."

"Kazi ulinipa wewe mwenyewe," alisema Bi Mwatima. "Nipige mpaka watu watoke. Na hao nao ni watu, japo wamekaa hivyo." Simu ikakatika, debe likaendelea.

Sikudhani alimfikiria baba yake na jembe begani. Hakuwa na muda wa kumwelimisha Waziri, na hata angekuwa nao asingejua aanzie wapi. Alirudi kwenye meza yake ndogo, akafungua programu ya msafara, ile ya mistari minne isiyokuwa na mpambaji, wakala wala fomu, na akaiendesha.

Nguzo ya Kitopeni ikatoa mlio wa msafara, bonde zima likatetemeka.

Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Naibu Waziri aliruka maua ya plastiki kwa mguu mmoja. Makatibu walishuka jukwaani bila kutumia ngazi. Mke wa Waziri alivua viatu akavishika mkononi, akampita mkurugenzi wa riadha. Waziri mwenyewe alibaki na maikrofoni sekunde moja, akiwa anageuka huku na huku.

"Nani anaondoka? Kuna mkubwa zaidi yangu hapa?"

Hakuna aliyebaki wa kumjibu. Akawaza bata, akatupa mkoba na kabrasha, akakimbia kama hajawahi kusomea chochote. Magari thelathini yalipanda barabara ya kilima yakifukuzana, kila moja likiwa na hakika kwamba msafara uko mbele yake.

Sikudhani alikimbia upande mwingine, kuelekea darajani. Alimkuta mama yake akipiga bado, macho kwenye makochi matupu.

"Wametoka?" aliuliza Bi Mwatima.

"Wametoka mama. Wote."

Mama yake aliushusha mchi, akalitungua debe, akakataa kuliacha. Walipanda wakishikana mikono, debe likigonga magoti yao, na walikuwa wamefika kwenye ua wa shule wakati mto ulipoingia. Ulichukua jukwaa, mazulia, makochi, mchoro wa ruwaza, na ukapita na nyumba sita ambazo wenyewe walikuwa kilimani wakizitazama. Sikudhani alikaa chini kwenye nyasi akalia. Mama yake alimpapasa mgongo akimwambia basi, basi mwanangu, imekwisha.

*

Tume iliundwa. Ilimpongeza Waziri kwa kuongoza mwenyewe uokoaji, tena akiwa mstari wa mbele, jambo ambalo mashahidi wote walilithibitisha. Sikudhani alipewa barua ya onyo kwa kutumia programu isiyokuwa na ruwaza mbele ya viongozi. Angefukuzwa, lakini ingebidi aandikiwe sababu, na sababu ilikuwa na viongozi sitini wanaokimbia. Bi Mwatima naye aliandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze alikolipata debe. Alijibu: dukani.

Maji yalipopungua, watu wa Kitopeni waliteremka kutafuta masufuria yao, wakauokota mkoba wa Waziri kwenye matope. Katika mfuko wa pembeni kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye mafuta ya sambusa. Mafuta yale yalikuwa yameikinga na maji. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa kabrasha, na ulikuwa na sentensi moja: ruwaza isitumike mahali ambapo haihitajiki.

Karatasi ilipelekwa Wizarani kwa heshima zote. Kamati ilikaa siku nne kuitafakari. Ikatoka na tamko kwamba nchi imepata ruwaza ya ishirini, iitwayo Ruwaza ya Kutotumia Ruwaza, na kwamba kila programu itaitumia pamoja na zile kumi na tisa. Ikaundiwa idara. Bwana Shomvi aliombwa aahirishe kustaafu ili aiongoze.

Waziri mwenyewe alikuwa amekwenda ng'ambo kupumzisha miguu. Alirudi wiki ya tatu, akaingia ofisini, Bwana Ngwali akamkabidhi ujumbe wake. Aliusoma wote, akaridhika na lugha iliyotumika, akabonyeza NIMEONA. Naibu wake akabonyeza. Mke wake akabonyeza. Orodha ikashuka taratibu, kwa adabu, mabalozi wa heshima, timu ya mpira, mpaka ikafika nambari mia nne kumi na mbili.

Kitopeni ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wameanika mpunga kwenye mikeka. King'ora cha mafuriko kikalia, mlio safi kabisa, usio na kasoro. Bi Mwatima alitupa jicho mtoni. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu ya ng'ombe. Akachukua simu.

"Sikudhani, hiki cha kwenu kinalia. Kinasemaje?"

Sikudhani alitazama kompyuta yake.

"Kinasema Waziri amerudi ofisini, mama."

Bi Mwatima alikisikiliza mpaka kikamaliza. Kisha akasema lile kopo la rangi kama limebaki alete Jumamosi, kwa sababu mafuriko yameukwangua mstari wa pale darajani, na mvua nyingine iko njiani.